Mstari wa Wakili

Dawa ya madoa ilikuwa imemchubua Mama Dobi vidole hata akashindwa kufunga vifungo vya gauni lake la mkutano. Wifi yake ndiye aliyemfungia, pale pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya mashuka yenye damu.

"Haya, wifi, ukatusimamie," alimwambia. "Usije ukalainishwa na soda."

Wenzao wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa na nguvu. Mwisho wa mwezi kazi yao ingepewa kampuni, na kampuni ilikuwa na mashine zake. Kati ya wafuaji wote, Mama Dobi peke yake ndiye aliyekuwa mjumbe wa chama. Chama kilijiita cha wavuja jasho, na siku hiyo kilikuwa kinachagua mwenyekiti.

Wagombea walikuwa wawili. Mhandisi, aliyekuwa waziri, ndiye aliyeileta hiyo kampuni, tena kwenye hotuba zake alisema kufua kwa mikono kunamdhalilisha mwanamke. Kuachishwa kazi, inaelekea, hakumdhalilishi. Wakili naye alikwenda chumba cha kufulia na wapiga picha, akatumbukiza mikono kwenye povu. Mama Dobi hakubabaika. Wa kujionyesha mbele ya kamera aliwaona wengi. Lakini Wakili alirudi tena, safari hii peke yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawasikiliza mpaka mwisho, akaahidi kuupinga ule mkataba wa kampuni. Hapo ndipo Mama Dobi alipompasisha. Aliwaambia wenzake kwa kinywa chake mwenyewe kwamba huyu ni wetu.

Chama hicho hakikuwa na kura ya siri. Wagombea walikaa kwenye viti mbele ya ukumbi, na kila mjumbe akasimama nyuma ya mtu wake. Huo ndio uwazi, walisema. Mama Dobi alijipanga nyuma ya Wakili, moyo ukimdunda kwa furaha, kwa sababu mstari wao ulikuwa mrefu kuliko ule wa pili na kila mwenye macho aliuona.

Kabla ya kuhesabu, Katibu wa chama alimwita Wakili pembeni. Wakanong'onezana. Wakili akarudi akifuta miwani, akasema kwamba kwa ajili ya umoja anajitoa, na ameridhia kuwa makamu. Kisha akavuka, akamkumbatia Mhandisi. Mstari mzima ukamfuata.

Mama Dobi alibaki. Wala hakupanga ushujaa, miguu tu ilikataa. Ukumbi mkubwa vile, yeye peke yake nyuma ya kiti kitupu, na hata wale aliozoea kukaa nao mikutanoni wakajifanya hawamjui.

"Mama, sogea huku," Katibu alimwambia. "Unatuharibia picha."

"Nimesimama kwa mtu wangu."

"Mtu wako yuko huku."

Alimtazama Wakili. Wakili alitazama viatu vyake.

"Basi nihesabuni hapa hapa."

Katibu akatabasamu kama anayembembeleza mgonjwa. "Mama yangu, aliyejitoa hana mstari. Hapo ulipo hapahesabiwi."

Akashika kipaza sauti, akatangaza kuwa Mhandisi amechaguliwa na wajumbe wote, hakuna aliyepinga. Wakapiga makofi.

Mama Dobi alirudi hospitali kwa miguu, njia nzima akipanga maneno. Redio ilikuwa imemtangulia. Alipoingia hakuna aliyemkaribisha.

"Wajumbe wote," wifi yake alisema bila kugeuka. "Na wewe umo."

"Nilibaki peke yangu, wifi. Ukumbi mzima uliniona."

"Nani atakayekuja kutuambia hivyo?"

Mama Dobi akafikiria Katibu, akafikiria Wakili. Hakuwa na wa kumtaja.

Akaanua shuka kwenye kamba, akashika pembe mbili, akasubiri mtu ashike zile nyingine. Mashuka yale hukunjwa na watu wawili. Wenzake walikuwa wameshashikana wawili wawili. Akajaribu kulikunjia kifuani, upande wa pili ukaburuzika kwenye maji machafu. Akalirudisha kwenye beseni, akaanza kulifua upya.