Kallithea ya Karatasini

Stathis alizima injini kileleni ili tubane petroli, tukaanza kuteremka kimya, magurudumu yakisaga changarawe. Mkono wangu ulikuwa umeshika kitasa cha mlango, kana kwamba mlango ungenisaidia kitu. Upande wangu barabara haikuwa na ukingo. Palikuwa na ukungu tu, na ndani ya ukungu kengele za mbuzi.

"Ukibana pumzi gari haliwi jepesi," mume wangu aliniambia.

"Wewe tazama barabara."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Telegramu ya kaka yangu Lambros nilikuwa nimeificha kifuani: BABA MAHUTUTI NJOONI KALLITHEA. Nilikuwa nimeifungua na kuikunja hadi ikalainika kama kitambaa. Neno lililonitesa halikuwa mahututi. Lilikuwa njooni. Lambros ni mwalimu, hakosei sarufi. Njooni ni watu wawili. Na baba alikuwa hajalitamka jina la Stathis tangu alfajiri niliyotoroka naye, miaka sita nyuma, nikaolewa bila radhi.

Mtu huweza kuishi bila radhi ya baba yake. Hula, hulala, hucheka. Ila kila jema linalomjia hulishika kama chombo cha kuazima.

Tulipita miji mitatu ya milimani siku ile, na katika kila mmoja niliona watu wakinywa kahawa nikawachukia kwa utulivu wao. Kibao cha Kallithea tulikifikia alasiri. Gari halijasimama vizuri, mimi nilishashuka, nawakimbilia wazee waliokaa nje ya mkahawa.

"Jamani, mwalimu Lambros anakaa wapi?"

Wakatazamana. "Binti, mwalimu wetu ni mwanamke."

Sijui nilikaaje chini. Nakumbuka tu kikombe cha maji mdomoni, na mkono uliokishika, wenye harufu ya pilipili za kukaangwa. Alikuwa bibi mmoja aliyevaa nyeusi tupu, Stamata jina lake, aliyetoka jikoni kwake bila kuitwa na mtu. Nilimweleza yote, hata ya kutoroka, ambayo hakuniuliza.

"Mwanangu," akasema, "serikali ilipofuta majina yetu ya kale, iligawa Kallithea kama peremende za harusi. Karatasini ziko tatu milima hii hii. Kijiji cha kaka yako watu wanakiitaje? Watu, si karatasi."

"Sijui, bibi. Mwaka jana alikuwa anafundisha Lozena, akamchukua na baba. Naona amehamishwa."

Bibi Stamata akapiga makofi. "Hajahamishwa popote! Lozena ndiyo hiyo Kallithea! Wee Zisis! Njoo usikie, watoto wamepotezwa na kibao!"

Stathis alikaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa kofia.

Zisis, mumewe, alikuja akiburuta viatu. Akaonyesha mlima. "Lozena iko nyuma yake. Kwa barabara ya magari, mwendo wa saa tatu. Kwa njia ya wakata magogo, saa moja, kama dereva si mwoga."

"Dereva ni mwoga, mzee," alisema Stathis, "lakini anamwogopa mkewe zaidi."

Wale wa mkahawani walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Mzee Zisis alipanda mbele, magoti yakimgusa kidevu. Njia ilikuwa matope na mizizi. Mara mbili alishuka kuondoa mawe kwa mikono yake, mara moja alisukuma. "Kushoto, bwana harusi! Kushoto, nimesema, unataka kumtangulia mkweo ahera?" Tulipoiona Lozena akashuka, akatupungia mkono, akageuka kupanda kwa miguu. Hatukumuuliza angefika saa ngapi kwake. Mawazo yetu yote yalikuwa mbele. Nimezeeka sasa, na bado namwonea haya mzee yule.

Lambros alikuwa mlangoni. "Yu hai," alisema, kabla sijauliza.

Baba alilala karibu na jiko la kuni, amekuwa mdogo, shingo imeachana na kola ya shati. Nilimbusu mkono. Aliuacha mkono wake kwangu, lakini macho yalikwenda kwa Stathis, aliyesimama kizingitini, kofia mkononi, matope hadi magotini.

"Mmepita wapi?" baba aliuliza.

"Njia ya magogo, baba," Stathis alijibu.

Lile neno baba lilimponyoka; hakuwahi kumwita hivyo. Lambros akainamisha kichwa. Mimi nikasikia kuni zikipasuka.

"Kwa kile kigari chako?"

"Kwa kile kigari."

"Mpumbavu," baba alisema.

Akafumba macho. Nikadhani ameshamaliza. Kisha polepole, mdomo ukipinda kwa maumivu, akaanza kuvuta miguu yake kuelekea ukutani, mmoja, halafu wa pili, hadi ikapatikana nafasi ya mtu kukaa ukingoni mwa kitanda.

Stathis alinitazama kwanza. Halafu akaenda akakaa.