Alikubali Kosa Ili Awahi Kazini

Bi Taratibu alitoka mahakamani anacheka. Jina hilo alipewa na watoto wa chekechea anakofanya kazi ya uyaya, maana hata kamba ya kiatu alikuwa anaifunga kama anasuka nywele. Mtu kama huyo ampige jirani kwa mpini wa ufagio, nani angeamini? Lakini alimpiga, mdomo ukachanika, baada ya jirani kummwagia maji ya kufulia na kumzaba kofi mbele ya wanawe.

Hayo ya kofi hakimu hakuyasikia. Shemeji yake, mjuaji wa kila kitu, alikuwa ameshamkalisha chini: ukibisha utapigwa tarehe mpaka uchoke, na kazini wataweka mtu mwingine. Kubali, omba msamaha, yaishe. Basi aliposomewa shtaka la kumjeruhi mwenzake akasema ni kweli. Hakimu akamtia hatiani, akampa kifungo cha nje, akamwonya asirudie, kisha akamwambia nenda. Bi Taratibu alishika neno moja tu: nenda.

"Si nilikwambia, shemeji?" jamaa alitamba njia nzima. "Hata hela ya wakili hatujatoa."

Asubuhi iliyofuata alifika getini pa chekechea, aproni begani. Mwalimu mkuu alikuwa anamsubiri nje, macho chini. Akamvuta pembeni, akamwambia taratibu kwamba taarifa za mahakamani zimeshafika, na mtu aliyetiwa hatiani kwa kujeruhi haruhusiwi tena kushika watoto hapa.

"Mwalimu, mimi jana niliachiwa."

"Uliachiwa urudi nyumbani, dada. Hatia bado unayo."

Bi Taratibu akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Mwalimu hakucheka. Bi Taratibu akaeleza yote tangu mwanzo, maji, kofi, wanawe walivyolia, maneno yanamtoka mbio, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kukimbiza neno. Mwalimu alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Kwa nini hukuyasema haya kule?"

"Nilitaka niwahi kazini."

Mwalimu akajiziba mdomo kwa kiganja.

Hapo akatokea mama mmoja, mbiombio, simu sikioni, mtoto kamlalia begani. Kama kila siku, hata hakusimama vizuri, akamnyooshea Bi Taratibu mtoto. Na Bi Taratibu, kama kila siku, akafungua mikono. Mwalimu akaingiza mkono wake katikati.

"Kuna nini?" mama akauliza, akishusha simu. "Bi Taratibu, unaumwa?"

Bi Taratibu akatafuta jinsi ya kulisema lile jambo, akakosa njia fupi wala nzuri.

"Nimetiwa hatiani," akasema. "Nimemjeruhi mtu."

Mama yule, aliyemwachia mwanawe tangu hajaota jino, akamrudisha mtoto kifuani. Akamwekea mtoto mkono kisogoni, akarudi nyuma.