Magodoro ya Kuazima

Korona ilipofunga barabara, Sidonie aliuza magodoro yote sita ya nyumba yake ya wageni, moja baada ya jingine, akanunulia watoto unga. Barabara zilipofunguliwa, wageni walirudi Kashojwa, kule kambini kwa wakimbizi, wakakuta vitanda vyake ni mbao tupu, wakaenda kulala kwingine. Ndipo chama kimoja cha Kakoba, kule Mbarara, kikatangaza kuwasaidia wenye nyumba za wageni waliofilisika. Kesho mkaguzi angekuja kujionea. Bila msaada huo Sidonie alikuwa amekwisha, na alijua.

Sasa tazama alichokifanya! Kwao Kivu mgeni hapokelewi kwenye nyumba tupu. Usichokuwa nacho unaazima kwa majirani, nao wananyamaza. Akapita nyumba hadi nyumba akikusanya magodoro. Apollinarie, jirani yake Mrundi, alishangaa.

"Mama Divine, si uwaache wakute vitanda hivyo hivyo?"

"Mugeni akute fasi ya kulala iko butupu? Hiyo haya nitaiweka wapi?"

Apollinarie akampa la kwake, akalala chini na wanawe.

Bwana Kizito, mkaguzi, alifika saa nne asubuhi. Akakuta magodoro sita, mashuka ya maua, maji ya kunawa na jogoo wa mwisho wa nyumba hiyo akichemka sufuriani. Akala akashiba. Kisha akapita chumba kwa chumba akiandika, na Sidonie nyuma yake, moyo umemjaa furaha, maskini.

"Mama, hongera sana," akasema Kizito. "Hapa kazi imesharudi. Sasa hii msaada tunapatia wale bado wako chini."

Ikabidi Sidonie aguse godoro, aiteme aibu yote kwa mara moja.

"Bwana, hizi matela si zangu. Ni za bajirani."

Kizito akacheka. "Nikimaliza kuandika, kila mtu anasema hivyo."

Akafunga faili, akapanda pikipiki, akaenda zake na jogoo tumboni.

Mchana kutwa Sidonie alirudisha magodoro, akiyabeba kichwani. Apollinarie alilipokea lake bila kuuliza neno. Sidonie alitamani angalau amcheke.

Jioni wakaja wachuuzi wawili kutoka Rugaaga, wamechoka, wakiulizia chumba. Sidonie alisimama mlangoni, akauvuta mlango nyuma yake wasichungulie ndani.

"Muniwie radhi," akasema. "Leo vyumba vyote vimejaa."