Diski ya Gashe Asrat

Gashe Asrat alinipigia simu mwanzoni mwa Kwaresima, akasema kompyuta yake iko mahututi na ameshanunua nyingine, ya mitumba lakini nzima, kwa hiyo niende nikamhamishie vitu vyake. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza kama ya mtu aliyetoka usingizini, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Tulifahamiana tangu zamani; Gashe ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri. Enzi hizo tukiishi nyuma ya kanisa la Giorgis, yeye alikuwa na duka la kuchapisha kadi za harusi na matangazo ya misiba, nami nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu hatua chache kutoka kwake. Mkewe, Wubalem, alikuwa akikaanga kahawa pale mlangoni na kuniita kwa kugonga sufuria. Wubalem alifariki. Kisha mtaa ukabomolewa, kila mtu akahamia alikopangiwa, na tangu hapo mimi na Gashe hatukuonana.

Yeye alipata chumba kimoja na sebule huko Koye, ukingoni mwa Addis, kwenye yale maghorofa yanayofanana kama matofali. Nilipotea. Niliuliza watu kadhaa kama wanamjua mzee mchapishaji, Asrat, na hakuna aliyemjua. Hata mwanamke aliyekuwa akianua nguo kwenye ngazi za jengo lake alitikisa kichwa. Kumbe mlango wa Gashe ulikuwa huo huo uliokuwa nyuma ya mgongo wake.

Alikuwa amekonda. Alinibusu mashavuni mara tatu, akaniuliza habari zangu, za mama yangu kule Dessie, za kazi, kisha akauliza tena habari zangu, kana kwamba jibu la kwanza lilikuwa limeisha haraka mno.

Mashine ya zamani ilikuwa chini ya meza, feni yake ikikoroma. Nilimwambia kazi ni ndogo: nitamnakilia faili zake zote, na hiyo mpya ina mfumo endeshi wake tayari, tena wa kisasa.

"Na herufi zangu je?" aliuliza.

Hapo ndipo penye tatizo. Gashe aliandika kwa programu ya Kiamhari iliyotungwa na mwanafunzi mmoja wa chuo zaidi ya miaka ishirini nyuma. Mtunzi alishahamia ng'ambo, na sidi ya programu hiyo ilipotea siku Gashe alipohama. Ili kumwonyesha, nilichukua kadi moja ya harusi kwa flashi na kuifungua kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Vilitokea viboksi vitupu na alama za kuuliza.

Gashe alisogeza uso karibu na kioo. "Hawa ni Mesfin na Aynalem," alisema. "Wana watoto watatu sasa. Umewafanya maboksi."

Basi haikufaa kuhamisha faili peke yake. Ilibidi kuhamisha diski nzima jinsi ilivyo: mfumo endeshi wa zamani, programu, herufi, hata picha ya waridi aliyoiweka kwenye kioo. Nilichomoa diski, nikaiunganisha kwa waya na diski ya mashine mpya, nikaanza kunakili. Diski kuukuu hunakilika kwa kusuasua. Ikifika mahali palipochakaa husimama, ikajaribu, ikajaribu tena. Hakuna la kufanya ila kukaa na kungoja.

Gashe hakuonekana kuudhika na kungoja. Aliwasha jiko dogo la mkaa kwenye roshani, akakaanga kahawa mwenyewe. Aliungua kidole, akaninyooshea mkono nisiinuke. Kwetu kahawa hunywewa duru tatu: abol, kisha tona, kisha bereka, ambayo ndiyo baraka yenyewe, na mtu akiondoka kabla yake huambiwa amekimbia baraka. Alinisimulia kwamba alipohamia hapa alikaanga kahawa Jumapili ya kwanza, akapanga vikombe sita na kuacha mlango wazi. Alisikia watu wakipanda na kushuka ngazi. Alikunywa abol peke yake, akanywa tona peke yake, na bereka akaimwaga kwenye sinki.

"Sikuwalaumu," alisema. "Hata mimi sikutoka kuwaita. Kwetu nani alimwita nani? Walikuwa wanaingia tu."

Nilitazama mstari wa kijani wa kunakili kwenye kioo cha kompyuta yangu ukisogea kidogo, ukasimama, ukasogea.

Alasiri kunakili kulikwisha. Niliirudisha diski mpya ndani ya mashine ya mitumba, nikazifunga waya zake vizuri kwa kitanzi cha plastiki, nikawasha. Nembo ikatokea, Gashe akashika bega langu, na papo hapo kioo chote kikawa buluu chenye maandishi meupe, mashine ikajizima. Ikarudia hivyo hivyo mara ya pili.

"Imekufa?" aliuliza.

"Haijafa, Gashe. Ni kama mgeni aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua. Mfumo umezoea mashine ya zamani, na hii inazungumza na diski kwa namna nyingine. Nitabadilisha mpangilio, lakini kuna viprogramu inabidi nivitafute. Hapa huna intaneti. Nitarudi Jumamosi."

"Jumamosi," alisema, na uso ukamkunjuka. Nilidhani amefurahi kusikia kwamba haijafa.

Jumamosi nilirudi na flashi yangu, na baada ya kuhangaika asubuhi nzima mfumo ukawaka. Waridi likatokea. Gashe alikaa kitini, akavaa miwani, akafungua kadi moja baada ya nyingine, na kila alipofungua alisoma majina kwa sauti na kutaja mahali walipo. Hawa wako Jemo. Hawa Gelan. Huyu bibi harusi yuko Beirut, mume sijui. Huyu alifariki, tangazo lake nililichapisha mimi, karatasi ilikwaruzika nikarudia. Alizungumza hadi koo likamkauka. Kisha akachapisha kadi ya harusi iliyofungwa mimi nikiwa bado shuleni, bila sababu yoyote ila kuisikia printa, akanipa nikaiweka begini.

Alinilipa, nikaondoka. Kwa upande wangu kazi ilikuwa imekwisha.

Jumanne akapiga simu. Mashine haiwaki kabisa, alisema. Nilishangaa, lakini mashine za mitumba zina vituko vyake. Nilikuwa na kazi mjini kwa mwanasheria mmoja, nikaikatisha, nikaenda hadi Koye nikiwa na haraka.

Mezani palikuwa na mkate mzima uliofunikwa kitambaa, bisi kwenye sahani, na vikombe viwili vimegeuzwa juu ya trei. Sikuvitilia maanani. Nilifungua mashine. Skrubu zote zilikuwa zimekazwa. Ndani, waya wa umeme wa diski ulikuwa umechomolewa na kulazwa pembeni kwa adabu, na kile kitanzi cha plastiki nilichoufungia kilikuwa kimekatwa.

Nilikiokota kile kitanzi pale chini ya meza. Nyuma yangu Gashe alikuwa akipepea mkaa, kisha akaacha kupepea.

"Gashe," nilisema, "hiki kimekatwa na mkasi."

"Mkasi wenyewe butu," alisema. "Nilihangaika nao."

Nilitoka chini ya meza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kipepeo cha mkaa mkononi, akitazama sakafu. Nilimwambia angenipigia tu simu na kusema njoo, ningekuja. Akasema si kweli.

"Nikupigie nikuambie nini, mwanangu? Fundi haitwi kwa kahawa. Fundi huitwa kitu kikiharibika. Tangu Jumamosi sijazungumza na mtu. Jumapili mwanangu wa Kanada alipiga, mtandao ukakatika. Jana nilishuka dukani, nikafika nikakuta sauti haitoki, nikaonyesha mkate kwa kidole."

Nilirudisha waya mahali pake, mashine ikawaka. Nilikunywa abol nimesimama kwa sababu mwanasheria alikuwa ananipigia. Gashe alitoa pesa, nikazikataa. Nilidhani ni wema. Alizishikilia vilevile hewani.

"Chukua," alisema. "Nilikuita kazini. Usinifanye mtu wa kuhurumiwa."

Nikazichukua, nikaondoka kabla ya tona, sembuse bereka. Nilipofika chini nilisikia mlango wake ukifungwa taratibu.

Hakupiga tena. Wiki zikapita, mfungo ukaendelea, na mimi nikaendelea kubeba begi langu la mgongoni toka ofisi hadi ofisi. Tangu kibanda changu kiondoke sina mahali pa kusema ni pangu. Nimepanga chumba Kotebe, nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayenisalimia kupitia dirishani. Wateja huniita fundi. Wengi hawajui jina langu. Mchana mimi hula shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, kwenye mgahawa uliojaa, na nimezoea kuchagua meza inayotazama ukuta ili nisionekane nimekaa peke yangu. Sikuwa nimeyafikiria mambo haya kama mambo. Lakini tangu Koye, kila simu ilipolia nilitazama jina, na lilipokuwa la mtu mwingine nilihisi kitu kama njaa.

Mara mbili nilitaka kumpigia mimi. Ningemwambia nini? Mzee huitwa kwa kazi gani?

Fasika, Pasaka yetu, ikafika. Sikuweza kwenda Dessie mwaka huu. Asubuhi mama mwenye nyumba alinipitishia sahani ya mchuzi wa kuku dirishani, akanitakia sikukuu njema, na nikasikia wajukuu zake wakicheka ukumbini. Nilikula vijiko viwili. Kisha nikafunika sahani, nikachukua begi langu la kazi, sikukuu hiyo, nikaenda Koye.

Ngazi zilinuka siagi na pilipili kila orofa, na nyuma ya kila mlango palikuwa na kelele za watu. Mlango wa Gashe ulinuka vitunguu vilivyoungua. Nilibisha. Alifungua akiwa amevaa shati jeupe la sikukuu, mwiko mkononi. Tulitazamana, na yale yote niliyoyapanga njiani yakanitoroka.

"Samahani, Gashe," nilisema. "Nadhani siku ile nilisahau bisibisi yangu hapa."

Sikuwa nimesahau kitu. Mafundi hatusahau bisibisi, na yeye alijua, maana alikuwa amenitazama nikizihesabu na kuzirudisha begini. Alinitazama usoni. Kisha akashusha mwiko.

"Ile yenye mpini mwekundu?" aliuliza.

Sijawahi kuwa na bisibisi yenye mpini mwekundu.

"Ndiyo hiyo," nilisema.

"Nilidhani nimeiona mahali. Ingia, ingia tuitafute."

Tukaitafuta. Aliinamisha kichwa chini ya meza, nikavuta mito ya kiti, akafungua droo ya kadi na kuifunga. Alisema labda imeingia chini ya kitanda, lakini kitanda ni kizito na mtu hasukumi kitanda na njaa. Kwa hiyo tukala kwanza. Kuku alikuwa mbichi ndani na mchungu nje. Wubalem, alisema, angetufukuza wote wawili jikoni. Tukala mayai na mkate. Baadaye akakaanga kahawa, na safari hii nilikaa hadi bereka.

Wakati wa tona yule jirani niliyemkuta akianua nguo ngazini siku ya kwanza alichungulia mlangoni. Hakuja kunywa. Alisema moshi wa vitunguu umeingia kwake, akauliza kama kuna kinachoungua. Gashe alimwomba radhi, akamkaribisha. Mwanamke akasema ana wageni, akashukuru, akageuka aende. Lakini alisimama kidogo akiitazama printa, akauliza kama huyu mzee huchapisha, kwa sababu arobaini ya kaka yake inakaribia. Gashe akamwambia huchapisha. Akamuuliza jina la marehemu, akaliandika hapo hapo kwenye mashine huku mwanamke amesimama, herufi moja moja, akimsomea mama huyo ili jina lisikosewe. Yule mama alitazama jina la kaka yake likijitokeza zima juu ya waridi, akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake, akasema atarudi kesho na picha.

Alirudi, nasikia, akachukua karatasi zake, na hakuketi. Sasa yeye na Gashe husalimiana ngazini.

Mimi huenda Koye Jumamosi nikipata nafasi. Wakati mwingine wiki mbili hupita, wakati mwingine mwezi, na najua katikati ya hapo kuna siku anazoonyesha mkate kwa kidole. Kompyuta haina tatizo. Ile diski inasoma vizuri, mfumo unawaka kwa wakati wake. Nikifika hunifungulia mlango na kusema bado hajaiona ile bisibisi, na mimi huvua viatu, nikaweka begi chini, nikamwambia tuangalie nyuma ya kabati.