Jicho Lililobaki

Ukimtafuta Emerensiana msimu wa kahawa, usihangaike kwenda nyumbani kwake. Uliza tu ni nani leo ana kazi kubwa pale kijijini Ukata, huku mlimani, kisha umfuate huko. Kama ni ngokela, ile kazi ya kusaidiana ambayo mwenye shamba huwaita majirani na kuwaandalia togwa au pombe, utamkuta yuko mbele ya wote, ameinama. Kama ni msiba, yuko jikoni na moshi umemjaa machoni. Kama ni kwaya, ndiye anayefua sare za wenzake na kuzipiga pasi. Akitoka huko hukimbilia mibuni yake, akachuma mpaka giza limfukuze. Watu walimsifu sana, na waliomsifu zaidi ndio waliomtuma zaidi.

Alikuwa na sababu yake, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Yeye ni mzaliwa wa Mbaha, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Kilian, mumewe, alishuka huko kununua samaki, akarudi mlimani na mchumba. Siku ya harusi, shangazi yake Kilian alimtazama bibi harusi kuanzia kilemba hadi viatu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapika wali kwamba huyu ni mtu wa ziwani, kazi ya mlimani ataiwezea wapi, kwao si wamezoea kukaa wakingoja samaki? Watu wakacheka. Bibi harusi naye akacheka. Mvua za kwanza zilipoanza, alichimba ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo wa mlimani huyachimba kwenye miteremko ili maji yasiondoke na udongo, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakukubali kupumzishwa. Shangazi alikwisha kufariki, Mungu amrehemu, lakini Emerensiana aliendelea kumjibu.

Mwaka huu kahawa iliiva kwa fujo, mibuni yote kwa mara moja, kana kwamba iliambizana. Wiki hiyohiyo askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara siku ya Jumapili, na mkuu wa mapishi alikuwa nani kama si yeye. Kulikuwa na sare za kwaya. Kulikuwa na ngokela ya jirani yake Methodi, kuvuna mahindi siku ya Ijumaa. Halafu aliona aibu ukuta wa jiko lake ulivyobanduka, akajiapia kuukandika udongo kabla wageni hawajaanza kupitapita. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu Jumatatu. Pale zahanati, mganga Meshack, kijana aliyepangiwa kazi huku akitokea Mara, alimpima presha, akatazama kipimo, akampima tena. Akampa dawa na kumsihi apunguze kazi. Emerensiana alimshukuru kwa moyo wote, akaahidi kupunguza, na akiwa njiani kurudi akasimama kwa jirani mwingine, Romanus, kumsaidia kupukuchua mahindi.

Jumatano alasiri simu ililia. Alikuwa Antoni, mdogo wake aliyebaki Mbaha na mama yao.

"Shikamoo dada. Madaktari wa macho wamefika hospitali ya huku. Wanapasua mpaka Ijumaa, Jumamosi wanaondoka."

Emerensiana aliegemea nguzo. Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana madaktari hao walikuja msimu kama huu, naye akamwomba mama asubiri kidogo kahawa iishe, atakuja kumpeleka mwenyewe. Mama akasubiri. Madaktari hawakusubiri. Tangu hapo jicho la kulia liliharibika kabisa, na Antoni alikwisha kuambiwa hospitali kwamba hilo halina dawa tena. Lililobaki ni la kushoto, nalo likiachwa litafuata mwenzake.

"Mpeleke wewe leo," alisema.

"Hataki, dada. Anasema wakimkata jicho anataka kushika mkono wako, si wangu. Nikamwambia huenda una kazi nyingi. Akasema basi, atakungoja."

Hilo neno la mwisho lilimchoma Emerensiana kuliko kama mama angemtukana. Na pamoja na uchungu wote huo, unajua alimjibu nini mdogo wake? Alisema ataona. Akakata simu, akarudi kwenye kahawa, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijui kwenda mahali pengine.

Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kila jioni. Kahawa iliyochumwa humwagwa kwenye pipa la maji kabla ya kumenywa. Punje nzuri huzama. Zile tupu na zilizoliwa na wadudu huelea juu, ukazikusanya kwa kiganja na kuzitupa pembeni. Emerensiana alikuwa anazikusanya huku akiwaza ataanzia wapi, sare au ukuta, Methodi au nyama ya askofu, na kila alipolishika moja lingine lilimvuta nguo. Ndipo akajikuta anayatupia mambo yake mle pipani, moja moja, ayatazame.

Ukuta wa jiko uliibuka juu papo hapo, akauona ulivyo mwepesi, akaona haya kwamba ulimnyima usingizi. Sare za kwaya zikaelea. Kipaimara hakijawahi kuharibika kwa sababu ya sketi yenye mikunjo. Kwa Methodi alisita, maana Methodi ni jirani mwema, lakini Methodi ana vijana wa kiume wanaoweza kubeba nyumba, basi naye akaelea. Mapishi ya askofu ndiyo aliyotegemea yazame kama jiwe. Akayageuza na kuyageuza, mwisho akakubali kwamba Baba Askofu atakula Jumapili hata kama sufuria linakorogwa na mtu mwingine. Kilichomuuma si mapishi, ni kiti cha ukuu wa mapishi. Jicho la mama yake lilikwenda moja kwa moja chini, wala halikuyumba.

Ikabaki kahawa yenyewe. Hiyo haikuzama wala haikuelea. Ilikuwa ada ya Luisa, binti yao aliyekuwa sekondari ya bweni, tena ilikuwa fahari yake, kwa sababu kahawa ya Emerensiana ilijulikana kwa usafi. Lakini kahawa ya kumenya inataka mtu wa kukaa nayo, kuiloweka, kuipapasa ijulikane utelezi umeisha, kuiosha kwa wakati wake. Ikipitiliza inanuka. Kilian alikuwa mchapakazi wa jembe na panga, ila mambo ya pipa hakuyajua, kwa kuwa mkewe hakuwahi kumwachia ayajue.

Alimkuta uani anafunga kuni. Akamweleza habari za simu, kisha akamwambia kwamba kesho alfajiri anateremka Mbaha, na kahawa itakayochumwa mpaka atakaporudi isimenywe. Ianikwe na ganda lake lote ikauke hivyohivyo.

Kilian aliacha kuni. "Iwe buni? Mama Luisa, kahawa yako wewe iende sokoni ikiwa buni?"

"Mwaka huu iende ikiwa buni."

"Bei yake ilivyo ndogo si unaijua."

"Naijua, Baba Luisa. Na jicho la mama nalijua."

Kilian alinuna kidogo, maana kununa ni haki ya mtu. Baadaye akauliza kama vile vichanja vya kuanikia vya nyuma ya nyumba bado vina nguvu. Emerensiana alijua hapo kwamba jambo limekubalika.

Kabla jua halijazama alikwenda kwa Mzee Mansuetus, mwenyekiti wa jumuiya. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye sababu zinazofuatana. Mzee aliyasikiliza nusu, akajikuna sikio, akasema mapishi atapewa Edina. Edina alikuwa ameomba kazi hiyo zaidi ya mara moja, akajibiwa kwamba ina mwenyewe. Emerensiana alishukuru na kutoka. Alipaswa kufurahi, na kweli mzigo ulimtoka, ila moyoni kulikuwa na kijiba kidogo. Miaka yote aliamini kwamba akiachia tu, sherehe itaanguka. Kumbe watu walikuwa wamejipanga nyuma yake wakingoja apishe njia.

Kwa Methodi mambo hayakuwa laini hivyo. Methodi mwenyewe alimtakia safari njema, akamtuma salamu kwa mgonjwa. Ni mkewe, aliyekuwa amechoka na kazi za siku, aliyesema bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, "Ndiyo watu wa ziwani hao. Msimu ukikaza, wanateremka."

Basi lile neno lilikuwa limesemwa. Kwa ajili ya kulikimbia alikuwa ameamka alfajiri zote zile, amefua sare zisizo zake, amemwacha mama yake akingoja mpaka jicho likafa. Alisimama akisubiri limwangushe. Halikumwangusha. Lilimpata mahali fulani begani kama tone la mvua, likateleza.

"Ndiyo, nateremka," alisema kwa upole. "Mungu akipenda tutaonana wiki ijayo." Akashika njia yake. Kichwa kilikuwa bado kinauma, lakini usiku huo alilala.

Kesho yake aliteremka. Baridi ya mlimani ilibaki nyuma, joto likampokea, na ziwa lilipotokeza kati ya vilima lilikuwa na rangi ileile aliyoiacha. Hata hivyo asidhani mtu kwamba alikuwa ametulia. Alimpigia Kilian simu kuuliza kama kahawa imetandazwa, akapiga tena kuuliza kama imegeuzwa, na mara ya tatu Kilian akamwambia taratibu kwamba imetandazwa, imegeuzwa, na yeye aweke simu mkobani.

Ijumaa alimwongoza mama yake mpaka hospitali. Mama alimshika mkono, vidole vikavu vikimbana. Mlangoni pa chumba cha upasuaji muuguzi alisema ndugu wanaishia hapo, na mama akauachia ule mkono akaingia, mdogo kuliko Emerensiana alivyomkumbuka. Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kuchimba ngoro, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Alizunguka baraza. Akamwomba mfagizi ufagio amsaidie kidogo, mfagizi akamtazama na kumnyima. Akabaki na hofu yake mikononi, bila sufuria wala jembe la kuifichia, na akakiri nafsini mwake kwamba amekuwa akiogopa tangu mwaka jana, kila siku, hata alipokuwa anaimba.

Asubuhi ya Jumamosi walifungua bandeji. Daktari alimtaka mama afumbue jicho polepole. Akafumbua, likatoa machozi, akalifumba. Akafumbua tena. Antoni alikuwa amesimama upande mmoja, Emerensiana upande mwingine. Mama alitazama dirisha. Akatazama kiganja chake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akamgeukia binti yake, akamkazia jicho hilo moja kwa muda mrefu.

"Emere," alisema. "Umezeeka."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, Antoni naye akacheka huku akijifuta uso kwa kiganja. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akagusa mstari ulioshuka pembeni ya mdomo wa binti yake.

"Mara ya mwisho nilipokuona vizuri ulikuwa na mashavu. Ni nani amekuzeesha hivi?"

Emerensiana alifungua kinywa amtajie. Alitaka kusema kahawa, askofu, kwaya, jirani, yule marehemu shangazi. Hakuna hata moja lililokubali kutoka.

"Ni mimi mwenyewe, mama," alisema, na ndipo machozi yakamshinda.

Mama alimwacha alie, hakumnyamazisha. Alipomaliza, akamvuta kwenye ukingo wa kitanda.

"Mimi ninalo moja tu sasa, linachukua muda," alisema. "Kaa hapo, usiende popote. Nataka nikutazame."

Emerensiana alikaa. Aligeuza uso wake upande wa dirisha, mwanga ulikotoka, na mama yake akamtazama mpaka akatosheka.