Kadi ya Pili ya Kitanda cha Dirishani

Pale wodini wananiita Kengele, na wala sijali. Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa naipiga mimi, na naipiga kwelikweli. Watu wenyewe hawasikii! Unamwambia mtu muda umekwisha, anakuitikia kwa adabu zote, kisha anavua viatu na kujiweka vizuri zaidi kitandani kwa mgonjwa.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipoletwa hospitalini kwetu wakati wa likizo, kujifunza uendeshaji wa hospitali kwa vitendo, moyoni nilifurahi, usoni nikakunja ndita. Anasoma shahada ya pili, mtoto yule. Nilimwambia kazini mimi si shangazi yake, mimi ni msimamizi wa wodi ya wanawake. Akajibu, "Sawa, Sista," bila hata kutabasamu. Mkorofi kama mimi. Haikuchukua muda wahudumu wakampa jina: Bi Utaratibu, maana hafungui kinywa bila neno hilo kutoka.

Mganga mkuu alimpa kazi ya kupunguza msongamano wa wageni, naye akaja na kadi. Kila kitanda kadi mbili za plastiki zenye namba ya kitanda. Huna kadi, huingii. Aliye ndani akimaliza anatoka, anampa mwenzake kadi getini. Sisi wafanyakazi tunapita kwa vitambulisho. Nilidhani watu watamla mbichi. Wapi! Walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea, na mimi kwa mara ya kwanza nikasukuma toroli la dawa bila kukanyaga kapu la mtu. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Nilimsifia kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Ndipo mama yangu akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Nikampa kitanda cha dirishani. Daktari wa mifupa akasema apasuliwe haraka, kwa sababu mtu wa umri ule akilala chali kwa muda mrefu mapafu yanaingia matatani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema, "Bado. Nasubiri mtu."

"Mtu gani, Mama?"

"Akija utamwona."

Nilidhani ni kaka yangu, anayeishi mbali. Kaka akaja, macho mekundu kwa safari. Mama akamshika shavu, akamuuliza kama amekula, kisha akarudi palepale: bado anasubiri mtu. Tukamletea dada yake. Tukamletea hata jirani waliyenuniana kwa ajili ya kuku. Wakapatana, wakalia, wakacheka mpaka nikawanyamazisha. Bado! Daktari akaanza kunitazama vibaya, na mimi hofu ikaniingia. Nimeona wengi waliokwenda hivihivi, kwa kulala tu. Nikawa naingia stoo ya mashuka, nalia, najifuta, natoka kugombana na watu.

Getini nako kulikuwa hakukaliki. Ukoo wetu si haba, na kitanda cha mama kilikuwa na kadi moja tu inayozunguka. Ya pili haionekani. Wakawa wanaingia mmoja mmoja, wengine wanaishia kuchungulia. Mdogo wangu wa kiume akamgeuzia kibao Bi Utaratibu mbele ya watu: "Tumekusomesha sisi, leo unatufungia geti sisi?"

"Baba mdogo, nisamehe. Utaratibu ni mmoja kwa wote."

Hakurudi nyuma hata hatua, ila sauti ilimtetemeka. Siku hiyohiyo mganga mkuu alikuwa apite wodini kuamua kama kadi zianze kutumika hospitali nzima, na kitanda chenye kasoro ni cha bibi yake mwenyewe. Nilimwonea huruma sana.

Mtoto akatoka getini, akaja moja kwa moja wodini, faili kifuani, kitambulisho shingoni, akasimama miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nambadilishia mtu bandeji.

"Shikamoo, Bibi. Kadi ya pili ya kitanda hiki iko wapi?"

"Marahaba. Ninayo." Mama akapapasa chini ya mto, akaitoa, akaikumbatia.

"Bibi jamani! Watu wamejaa getini."

"Wasimame, nyonga zao nzima. Hii ina mwenyewe. Nasubiri aje."

"Nani huyo?"

"Mke mwenzangu."

Hilo ndilo jina alilompa tangu alipokuwa akimlea, akimbeba mgongoni na kumtania kwamba amekuja kumnyang'anya mume. Mtoto akacheka kidogo. "Si nipo hapa kila siku, Bibi? Hata asubuhi nimepita."

"Aliyepita ni Bi Utaratibu," mama akasema. "Ananiamkia, anahesabu wageni wangu, anakwenda zake. Mjukuu wangu hajaja kuniona. Wote wamekuja, bado yeye." Akashusha sauti. "Naogopa kisu, mwenzangu. Nikiwaambia hawa wataanza kulia. Nilitaka nikwambie wewe."

Bandeji ilinitoka mkononi. Mtoto akavua kitambulisho, akanikabidhi pamoja na faili, akaichukua ile kadi, akatoka mbio. Nikajua amekwenda kulia. Kumbe amekwenda getini! Alisimama kwenye foleni nyuma ya baba zake wadogo. Mlinzi akamwambia, "Aa, wewe si pita tu," mtoto akakataa. Zamu yake ilipofika akaonyesha kadi, akaingia kama mgeni yeyote.

Akavua viatu. Akapanda kitandani, jambo ninalolikataza kila siku ya Mungu, akalaza kichwa begani kwa bibi yake. Waliyonong'onezana siyajui. Nilimwona tu mtoto analia na mama anamvuta sikio, halafu mama analia na mtoto anamfuta.

Mganga mkuu akaingia. "Sista, mwanafunzi wetu yuko wapi? Nina habari njema za kadi zake."

"Amepumzika kidogo, Daktari. Yule pale ni mgeni wa kitanda cha dirishani, na kadi anayo."

Mganga mkuu akatazama, akakohoa, akasema atarudi baadaye. Alikuwa hajafika mlangoni mama alipopaza sauti: "Kengele! Mwambie yule wa mifupa alete karatasi yake niweke dole gumba. Kesho anipasue."

Niliingia stoo ya mashuka kwa mara nyingine, nikalia kwa raha zangu. Nilipotoka muda wa wageni ulikuwa umekwisha. Nikashika kengele yangu, nikapita kitanda baada ya kitanda, nikiipiga bila huruma, watu wakibeba makapu yao. Nilipofika dirishani nikaishika ulimi isilie, nikapita kwa kunyata.