Kwikwi ya Mize

Kwikwi ilimshika Mize asubuhi, wakati anapakwa wanja, na mpaka adhana ya alasiri ilikuwa haijamwachia. Nyumba yetu ya Malindi haikukalika. Wakati wowote Baba angepanda ngazi na mashahidi wawili, asimame nje ya pazia, amuulize mdogo wangu kama yu radhi kuozwa Silima wa Fumba.

"Akijibu hivi, watasema analia kwa kulazimishwa," alisema shangazi yetu, Bi Mwamvua. Alikuwa ameshambandika uzi uliorowa kwenye paji la uso, akamlisha na kijiko kizima cha sukari tuliyoipangia foleni. Akanigeukia. "Na wewe Mwanapili, huko kwenye uuguzi mnafundishwa nini?"

"Ni msuli wa chini ya mapafu, shangazi, unajikunja wenyewe. Hata mtoto tumboni huwa nayo. Yupo mtu Amerika anaishi na kwikwi miaka na miaka. Kaoa nayo, kazaa nayo."

"Mwache huyo wa Amerika. Msingizie mwenzio, wewe anakuamini."

Ndivyo tunavyotibu kwikwi: mtu huzuliwa jambo, akishtuka inakatika. Shangazi alishamsingizia Mize kuiba kuku, Mize akacheka tu, huku akiendelea kurukaruka mabega. Nyayo zikasikika ngazini. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Mize, jana uliniambia humtaki Silima."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Kwikwi ilikatika pale pale. Shangazi akapiga makofi. Mize akanikamata mkono, vidole vya baridi, akaninong'oneza, "Nani kakwambia?"

"Mize, mwanangu," Baba aliita nyuma ya pazia. "Nnakuuliza mbele ya mashahidi. U radhi nikuoze Silima bin Machano?"

Mize aliinamisha uso. Kwetu mwari akinyamaza amekubali. Shangazi alikuwa keshavuta pumzi ya kigelegele. Mimi nilikuwa sijapata kumkatiza Baba mbele ya wanaume.

"Baba," nikasema, "hajanyamaza kwa kukubali. Kwikwi ndiyo kwanza imemwachia. Muulize tena, umngoje."

Mtu alikohoa nje. Kisha Baba akauliza tena, polepole.

"Siko radhi, Baba," alisema Mize. Sauti haikukatika hata mara moja.

Shangazi akaishusha pumzi yake kimyakimya.

"Nimesikia, mwanangu," alisema Baba, na nyayo zikaanza kushuka.